Bendera ya Edvart

Dakika kumi na mbili. Ndizo alizopewa Solfrid kwa mzee Edvart kila asubuhi, na aliyezipanga alikaa ofisini mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari, naye hajawahi kumvua mzee yeyote soksi. Dakika kumi na mbili za kufungua mlango, kuamkiana, kuhakikisha mzee amemeza vidonge, kuandika kwenye simu ya kazi kwamba amevimeza, na kuondoka. Kuvua viatu mlangoni hakukuhesabiwa, wala kahawa. Lakini katika ghuba ile huingii nyumba ya mtu na viatu, na kahawa ya Edvart huikatai kama bado unataka kusemeshwa.

Solfrid alikuwa muuguzi wa majumbani, miaka hamsini na saba, thelathini kati yake kazini. Mumewe alishahamia kusini na mwanamke mwingine. Binti yuko Oslo, hupiga simu Jumapili, akikumbuka. Mchana kutwa Solfrid aliingia katika nyumba za watu, akawaosha, akawafunga vidonda, akasikia mambo wasiyowaambia hata watoto wao. Jioni alirudi kwake, ambako hapakuwa na wa kumuuliza kama ameshiba. Hayo hawayaandiki kwenye matangazo ya kazi.

Usidhani hakuipenda kazi. Bibi Aslaug wa karibu na kanisa alikuwa na kidonda mguuni kikubwa kama kisahani. Solfrid alikisafisha miezi saba, kikanywea, kikawa kama ukucha, kikafunga. Siku hiyo bibi alicheza jikoni bila fimbo, na Solfrid akaendesha gari akicheka peke yake. Kesho yake jina la Aslaug halikuwemo kwenye orodha. Ndiyo kazi yenyewe: ukiifanya vizuri, hawakuhitaji tena.

Edvart yeye hakuponyeka. Alikuwa mpishi wa zamani wa meli, mjane, miaka themanini na sita, na kila wiki alivuruga kisanduku chake cha dawa. Kisanduku kilikuwa na vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Solfrid alikijaza Jumatatu. Jumatano alikuta vidonge vya Ijumaa vimelala kwenye Jumapili na vya Jumapili vimetapakaa kwingine. Ofisi ikaandika: mzee anasahau, atembelewe kila siku.

"Leo siku gani, Edvart?"

"Siku ya wewe kuacha maswali ya chekechea. Kaa, kahawa inapoa."

"Nina dakika kumi na mbili tu."

"Basi kunywa kwa dakika kumi na moja. Hiyo moja nitukane nayo."

Ukutani alitundika kalenda ya siku za kuzaliwa. Majina mengi yalikuwa na msalaba pembeni, na kila Januari aliyahamishia kwenye kalenda mpya, misalaba na yote. Zamani alimpandishia bendera kila mmoja wao siku yake ya kuzaliwa, kama wafanyavyo huko wenye milingoti ya bendera. Sasa kamba ilining'inia bure uani. Majira ya baridi ya kwanza alimuuliza Solfrid kazaliwa lini. "Tisa Septemba," Solfrid alijibu, "na usiniulize mwaka." Mzee akachukua kalamu akaandika.

Mwezi wa Mei mgonjwa mmoja alipelekwa hospitali, Solfrid akafika kwa Edvart mapema. Alipokuwa akipanda ngazi alimwona dirishani. Mzee alikuwa amevaa miwani. Alichukua vidonge vya siku ile, akavimeza kwa maji, sawasawa. Kisha akatoa vilivyobaki na kuanza kuvichanganya, kimoja kimoja, midomo ikihesabu ili asikosee kukosea. Kichwa kilikuwa kizima kuliko cha bosi mjini.

Solfrid alirudi nyuma ngazi mbili, akakohoa kwa nguvu, akabisha.

"Nimeshavuruga tena," Edvart alisema kwa huzuni kubwa.

"Naona," alisema Solfrid. Akavipanga upya, akanywa kahawa, akaandika kwenye simu: bado anahitaji msaada. Aliandika hivyo wiki tatu. Alijua anadanganya, na alijua pia kwamba meza ile ndiyo pekee duniani aliyowekewa kikombe kabla hajafika.

Kisha Gry, bosi wake, akapiga simu. "Solfrid, kuna mama ametoka hospitali, saratani, yuko mwisho wa ghuba. Anataka sindano ya maumivu kila asubuhi na sina mtu. Nani kwenye orodha yako anaweza kujitegemea? Sema kweli, tafadhali."

Solfrid aliipitia orodha hadi jina la Edvart. Kisha akasema kweli.

Solfrid alimweleza Edvart mwenyewe, uso kwa uso, habari za yule mama. "Nilikuona dirishani. Mwezi wa tano."

Mzee alikoroga kahawa yake, ingawa hakutia sukari. "Wiki tatu zote hizo umekaa kimya?"

"Ndiyo."

"Unakunywa kahawa yangu tu?"

"Ndiyo, Edvart."

"Basi tulikuwa wezi wawili." Aliweka kijiko chini. "Nenda kwa huyo mama. Mimi sina ugonjwa ambao ofisi inaujua."

Wakamletea mashine ya dawa, inayolia ding-dong saa mbili asubuhi na kutema vidonge. Haiketi, hainywi kitu. Solfrid alilia garini siku ile, akajipangusa, akaenda kumchoma yule mama sindano.

Majira yote ya joto alipita mbele ya nyumba ile bila kusimama. Mzee aliinua kikombe dirishani, yeye aliinua mkono kwenye usukani. Utauliza, kwa nini asimtembelee baada ya kazi? Aliona haya. Muuguzi ana sababu ya kubisha hodi. Solfrid mtu tu, bila mkoba, bila orodha, angesema amefuata nini? Jioni mbili alifika hadi kwenye kisanduku cha barua cha Edvart, akageuza gari.

Tarehe tisa Septemba aliamka, akatazama simu. Kimya, na hata Jumapili haikuwa. Alimaliza sindano mwisho wa ghuba, mama akamshika mkono akamwambia usiku ule amelala, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Solfrid alirudi barabarani na furaha hiyo ndogo kifuani. Alipofika kwenye kona aliiona bendera ya Edvart.

Ilikuwa nusu mlingoti.

Watu wa ghuba ile husoma bendera kabla ya gazeti: ikifika juu kuna sherehe, ikikomea katikati kuna maiti. Jirani atakuwa ameipandisha, aliwaza. Amekufa, na nani wa kunijulisha mimi, hayumo kwenye orodha yangu. Alifunga breki katikati ya njia, akakimbia, akasukuma mlango, akaingia hadi jikoni akiita, "Edvart! Edvart!" Mezani kulikuwa na keki, na vikombe viwili.

"Na viatu?" ilisema sauti nyuma yake. "Umeingia kwangu na viatu?"

Mzee alisimama mlangoni, mzima, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe.

"Nani amekufa?" Solfrid alipiga kelele.

"Sijasikia msiba. Wewe ndiye uliyezaliwa. Bega limegoma bwana, kamba imefika nusu ikakwama. Majirani wawili wamepiga simu kunipa pole ya kifo changu."

Solfrid alikaa kitini na viatu vyake, akalia bila kujificha. Kisha wakatoka uani, wakashika kamba pamoja, bendera ikapanda hadi juu bila kukwama popote.

Simu ya kazi ililia. "Naona kwenye ramani gari lako limesimama mahali pasipo na mgonjwa," alisema Gry. "Kuna nini?"

"Hapana mgonjwa," Solfrid alijibu. "Niko kwa rafiki. Ni mapumziko yangu ya chakula." Akaikata.

Alirudi mlangoni, akavua viatu, akaviweka pembeni pa vya mzee. Alipoingia, Edvart alikuwa akishusha birika la chuma kutoka rafu ya juu kabisa, kwa mkono uleule wa bega lililogoma. Mkono ulipanda hadi mwisho bila kutetemeka. Miaka thelathini Solfrid alikuwa ametazama mabega ya wazee. Hilo halikuwa na kasoro.

Mzee alimwona anatazama, akasimama na birika lake hewani.

"Utaliandika?" aliuliza taratibu.

"Sina tena pa kuliandika."

Edvart alimimina kahawa, ya mgeni kwanza. "Unajua bendera hailali nje," alisema akitazama kikombe. "Jua likizama lazima ishuke. Na mimi na bega hili..."

"Nitakuja jioni kuishusha," alisema Solfrid. "Nikatie keki."