Mafuta ya Alizeti kwenye Bastola

Nilikuwa nasugua vyuma vya cherehani ya mteja wangu Dorkas kwa mafuta ya taa, na utando wa kahawia ulikuwa ukibanduka kama gaga la kidonda. Alikuwa ameipaka mafuta ya kupikia. Mafuta ya alizeti yakikaa juu ya chuma miezi kadhaa, hugeuka gundi.

Mrisho, mwenye nyumba ninayofanyia kazi barazani, akatoka uani na kitu alichokifunga kwenye kitenge.

"Fundi Mughwai, weka hiyo pembeni. Nina kitu kimekwama, na kesho alfajiri napanda mlima Sekenke kwenda Misigiri kuchukua alizeti."

Akafungua. Bastola. Tangu ushirika uache kuwa mnunuzi pekee wa alizeti, malori ya watu binafsi yalikuwa yakipita hapa Shelui kila siku, na majambazi nao walishazijua kona za mlimani. Mrisho alikuwa na kibali chake.

"Mimi ni fundi wa cherehani," nikasema.

"Chuma ni chuma. Cherehani nani alikufundisha? Si ulijifundisha mwenyewe?"

"Nilijifundishia kwenye kitu kisichoua."

Akacheka. Akachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, akaiweka mezani kwangu, bastola ikabaki mkononi mwake. "Haya, tupu. Hiki chuma cha juu tu ndicho hakitaki kurudi nyuma."

Sikuigusa. Niliinama, nikanusa. Harufu niliijua, ilikuwa ile ile ya gundi ya cherehani iliyonijaa mikononi. "Umeipaka nini?"

"Mafuta yangu mwenyewe. Askari alisema niipake mafuta, hakusema ya nani."

Nyuma ya ukuta wa tofali mbichi, mkewe Nasma alikuwa akivuta mpini wa mashine ya kukamulia alizeti. Kwii, kwii. Mdomo wa bastola ulikuwa unautazama ukuta huo huo, usawa wa kiuno.

"Geuza mdomo," nikamwambia. "Elekeza kwenye magunia ya mashudu kule mwisho."

"Nimekwambia ni tupu. Unaogopa kama mwali."

"Geuza tu, unifurahishe. Na kidole kitoe kwenye kifyatulio."

Akageuka huku akitabasamu, akanyoosha kidole juu nikione vizuri. Kisha akakishika kile chuma kwa mkono wa pili na kukivuta kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba magunia. Kikarudi nyuma nusu kwa kunatanata, kikamponyoka, kikajipiga mbele.

Mlio ulinipiga kifuani kabla ya masikioni. Vumbi la mashudu likajaa baraza. Kidole cha Mrisho kilikuwa bado kimenyooka hewani.

Mpini ulikuwa umenyamaza.

Mrisho akamwita mkewe. Nikahesabu pumzi zangu: moja, mbili, tatu. Mlango wa uani ukafunguka na Nasma akatokea, mafuta hadi viwikoni.

"Tairi la nani hilo limepasuka?" Kisha akaiona bastola, akaliona gunia lililotoboka. "Baba Rahma. Kabla ya hapo ilikuwa inatazama wapi?"

Mrisho akauonyesha ukuta kwa kidevu.

Haikuwa saa ya kufurahi, lakini nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Nikaeleza haraka haraka. Alipochomoa magazini, risasi moja ilibaki tumboni mwa bastola. Msumari unaoigonga risasi ulikuwa umenaswa na gundi ukiwa umechomoza nje, kama sindano ya cherehani ya Dorkas ilivyokwama chini. Chuma kilirudi nusu tu, hakikuitupa risasi nje; kilipojipiga mbele, msumari ulikuwa tayari unasubiri. Kidole hakikuhitajika.

"Basi sasa imeisha kweli," Mrisho akasema. "Isafishe kwa hayo mafuta ya taa, kesho niende nayo."

"Dakika mbili zilizopita pia ilikuwa imeisha."

Nasma alicheka kidogo, kicheko kikavu. Akavuta kigoda, akaketi nyuma yangu, mbali na ukuta. "Mimi kule ndani sirudi mpaka hicho kitu kiondoke."

"Nikienda polisi kusema, wanaweza kuninyang'anya kibali."

"Wakunyang'anye kibali. Mke bado unaye."

Mrisho aliutazama tena ukuta. Akailaza bastola kwenye karai la mchanga nililomletea, mdomo ukielekea mashudu, akaondoka kwa miguu. Alirudi na konstebo kijana, ambaye aliitazama kwa karibu, kisha akafunga mikono nyuma ya mgongo. Mtaalamu wao wa silaha yuko Kiomboi, akasema. Atakuja kesho. Mpaka hapo asiiguse mtu, naye atakaa hapo hapo kuilinda.

"Mwambie dereva wa lori Misigiri si kesho," Mrisho akaniambia. Akamgeukia mkewe. "Kule ndani kumebaki kiasi gani?"

"Nusu debe la alizeti."

"Kesho mpini nitauvuta mimi," akasema, akaketi chini karibu na kigoda cha mkewe.