Bramsi wa Kuanzia Kulia

Daktari hakumung'unya maneno. Uvimbe ulio nyuma ya sikio la kulia la mzee Hamoud lazima utolewe kesho asubuhi, na usikivu wa sikio hilo utaondoka nao. La kushoto lilikwisha kufa zamani. Kwa hiyo mzee alibakiwa na alasiri moja tu ya kusikia, na akasema wazi anataka kuitumia kwa nani: kwa Bramsi.

Msicheke. Wapita njia wa mtaa wa Bwiza wamezoea kusikia kaswida, rumba, na baa ya jirani ikijipigia inavyotaka. Lakini nyuma ya duka la vitenge la Hamoud, ukoo huu wa Waomani una gramafoni ya kuzungusha mpini kwa mkono na simfoni moja ya Mjerumani aitwaye Brahms, iliyorekodiwa Ulaya kabla ya Vita vya Pili na wapigaji ambao leo wote ni marehemu. Marehemu babu, baba yake Hamoud, aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga duka lake. Ni santuri tano nzito, kila moja ndani ya mfuko wake, na mifuko imeshonwa pamoja kama kitabu.

Kitabu hicho kilikuwa cha mkono wa baba mwenye nyumba peke yake. Mtoto akigusa, kofi. Babu alimwachia Hamoud, na Hamoud, kila Idi baada ya chakula, alizipiga kama alivyoonyeshwa, hakuongeza wala hakupunguza. Sasa mikono yake inatetemeka, ikabidi binti yake Hiba, mwalimu wa Kifaransa, azishike kwa mara ya kwanza maishani.

Akazipangusa kwa kitambaa laini. Akasoma karatasi iliyobandikwa katikati ya kila santuri, akairudia tena. Upande waliouanzia siku zote ulikuwa na namba ya mwisho. Ule waliomalizia nao ulikuwa na namba moja. Kumbe babu, Mungu amrehemu, aliyesoma Kiarabu tu, alikifungua kitabu cha Wazungu kuanzia kulia kama msahafu, na ukoo mzima ukamsikiliza Bramsi kinyumenyume, kipande cha mwisho kwanza, bila mtu kushtuka.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hiba alikaa na santuri mapajani, hofu imemshika kwelikweli. Baba anataka kuaga kitu anachokijua. Akiambiwa leo kwamba hakukijua, na kesho sikio halipo, atakirekebisha lini? Lakini kunyamaza nako ni kumdhulumu baba yako mzazi.

Hamoud alikuwa ameshakaa kitini, kanzu imenyooshwa pasi, sikio la kulia limeelekezwa kwenye gramafoni.

"Baba," Hiba akasema kwa sauti ya juu, "babu alikosea. Hii albamu aliifungua kama msahafu. Namba moja ni ile tunamalizaka nayo."

Mzee akamtazama. "Ile ya ngoma?"

"Ile ya ngoma."

"Apana. Ngoma ni mwisho. Ni pale mutu anakufa."

Hiba akamwonyesha namba. Mzee akaisogeza santuri karibu na macho, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilimuuma, babake hakuwa mtu wa kukosea hata kipimo cha kitambaa.

"Mama yako alikuwa anatokaka hapa zikifika ngoma," akasema. "Anasema huyu Muzungu hana huruma, anatuacha pabaya." Akamrudishia santuri. "Weka hiyo moja. Tusikie."

Hiba akazungusha mpini, akashusha sindano. Kwanza mkwaruzo, kama karanga zinakaangwa. Halafu zikaja ngoma, nzito, zisizopumzika, na fidla zikipanda juu yake kwa shida.

Mzee alifumba macho. Safari hii ngoma hazikummaliza mtu, zilikuwa zinaanza. Ikaja santuri ya pili, ikaja ya tatu. Muziki ukikata tamaa, ukijaribu tena. Hiba aligeuza kila upande akitega sikio upya, maana sauti hizi alizijua zote tangu utotoni na sasa ni kama hakuwahi kuzisikia. Watu waliokwisha kuoza makaburini walikuwa wakivuta pumzi pamoja chumbani kwao Bwiza, na wote walijua wanakwenda wapi. Kwenye santuri ya mwisho ikaja ile furaha kubwa ya tarumbeta, ambayo nyumba hii iliizoea kama ufunguzi, kitu cha kupigwa watu wakiwa bado wanasogeza viti. Sasa ilikuja baada ya yote yale. Hamoud, mzee wa goti bovu, akasimama wima, machozi yanaingia ndevuni, akabaki hivyo mpaka sindano ikawa inakwaruza patupu.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Miaka yote nilifikiri ile furaha huyu Muzungu alipewa bure."

Hiba akanyanyua sindano. Alijua baba anataka muziki huu uwe sauti yake ya mwisho, kwa hiyo hakufungua mdomo. Akaanza kuifunika gramafoni kimyakimya.

"Acha hiyo," mzee akasema. Akaketi, akavuta kiti cha pili upande wa sikio lake. "Kaa hapa. Ongea."

"Niongee nini, Baba?"

"Chochote. Hata majungu ya Bwiza. Ile muziki nimeshaielewa, haitanipotea tena. Ni we ndiye sijakusikia vya kutosha."

Hiba akakaa.

"Leo asubuhi, Baba," akaanza, "Yasmina wa saluni amegombana tena na mume wake..."

Mzee akainamisha sikio.