Mpangaji Asiye na Gari

Walimwita Mama Pindo tangu enzi za kibanda chake cha kushona, kwa sababu nguo haikutoka mkononi mwake kabla hajaigeuza na kukagua pindo kwa kidole. Alikuwa na miaka sitini na minne, na jicho lake la kushoto lilikuwa limezimwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia wazi: usukani asahau. Hilo halikumnyima usingizi. Hata alipokuwa na macho mawili hakuwahi kuendesha baiskeli, sembuse gari.

Alikuja ughaibuni kumsaidia binti yake kulea watoto. Kwa miaka tisa alilala chumba kimoja na wajukuu wawili, cherehani yake imefunikwa shuka na kugeuzwa meza ya kuwekea mabegi ya shule. Sasa wajukuu walikuwa wamempita kimo. Jioni moja, wakiwa mezani, alisema anahama.

"Unahama kwenda wapi, Mama?" binti akauliza.

"Kijijini. Kodi za mjini ni za kukomoana. Nataka chumba, dirisha lenye mwanga, na mlango nitakaoufunga mwenyewe."

Mkwewe alikuwa dereva wa lori la maziwa, mpole, tena mtu asiyependa kabisa kubishana na mama mkwe. Aliweka kijiko chini taratibu. "Mama, vijiji vya huku ndiko ninakoshinda. Bila gari utakuwa mfungwa. Chumvi ikikuishia, hiyo ni safari."

"Basi natafuta kijiji ambacho chumvi si safari."

Binti alimtazama mumewe, mumewe akatazama sahani. Wote wawili walijua kwamba mama huyu akishakata shauri, maneno mengine ni ya kujichosha taya.

Dalali wa nyumba alimpokea vizuri, akamtandazia picha kwenye kompyuta. Alipouliza gari lake ni la aina gani, na mama akajibu kuwa hana, akaanza kuzifunga zile picha moja moja. "Mama yangu, mtu asiye na gari hapangi kijijini. Nikikupangisha leo, mwezi ujao utarudi hapa ukilia."

"Nikilia nitalilia kwangu," Mama Pindo akasema. "Nichapie majina ya vijiji. Kuvikagua ni kazi yangu."

Akavikagua kama nguo ya mteja. Kila alikokwenda alibeba begi lenye kilo sita za mchele, maana alitaka kuujua umbali akiwa na mzigo, si akiwa mikono mitupu kama mtalii. Kijiji cha kwanza kilikuwa kizuri cha kutoa machozi: kuta nyeupe, maua madirishani, kimya hata unasikia nyuki. Kabla hajashuka alimuuliza dereva wa basi atarudi saa ngapi.

"Leo saa kumi. Baada ya leo, Ijumaa."

"Na mtu akiugua Jumamosi?"

Dereva akacheka. "Hapa kila nyumba ina magari mawili, mama. Basi hili tunapanda mimi na wewe."

Alizunguka, akahesabu magari mbele ya nyumba, na saa kumi akawa ameshakaa kwenye kiti chake. Maua hayo wayanuse wenyewe.

Kijiji cha pili kilikuwa na kituo cha treni, na treni zilipita kila saa. Mama Pindo alifurahi mapema. Alipotoka kituoni akakuta nyumba ziko kilomita tatu mbele, na barabara ya kufika huko haina njia ya miguu, ni lami na mtaro. Alitembea pembezoni, malori yakimpita kwa upande wa jicho bovu, upepo wake ukitaka kumvua mtandio. Lori moja lilipomkaribia mno alirukia mtaroni. Maji yalimfika magotini, begi likapasuka, mchele ukamwagika kwenye tope.

Alirudi nyumbani amelowa. Mkwe alimwona, akafungua mdomo.

"Ukisema ulisema, hatutaelewana," Mama Pindo akamwahi.

Mkwe akafunga mdomo, akaenda kumchemshia maji ya kuoga. Ila usiku ule mama alilala akiwa na woga, na hakumwambia mtu. Pale mtaroni kwa kitambo kidogo alikuwa amejiona jinsi wengine walivyomwona: kikongwe cha jicho moja, kilichoshupalia jambo lisilo lake. Asubuhi alipiga moyo konde akanunua mchele mwingine.

Wazo lilimjia akiwa anaosha vyombo. Alikuwa akitafuta kijiji kizuri, na kijiji kizuri kinakaliwa na wenye magari, ndiyo maana basi halina kazi huko. Akamgeukia mkwe. "Niambie kijiji ambacho wewe usingekubali kukaa."

Mkwe hakufikiri sana. "Kile cha kiwanda cha vigae. Vumbi, na honi ya zamu. Wanakaa vibarua tu, na wengine wanatoka vijiji vya jirani."

"Na hao wa jirani wanakwenda kazini na nini?"

Mkwe akajikuna kidevu. "Na basi," akasema.

Kijiji cha vigae hakikuwa na sura. Nyumba za kijivu zimebanana, mabomba ya kiwanda nyuma yake. Lakini basi lilipita kila nusu saa, kuanzia alfajiri hadi zamu ya mwisho. Akiwa na begi lake, Mama Pindo alihesabu hatua kutoka kwenye nyumba moja yenye tangazo la kupangisha: duka, mia mbili na kumi; zahanati, mia nne; kituo cha basi, sitini. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya kile kilichokuwa zamani cha kuokea mikate, chenye dirisha pana kuliko yote ya mtaa ule.

Mwenye nyumba, mjane mwenye kiuno kibovu, alimpa fomu. Mama Pindo akaijaza vizuri mpaka palipoulizwa aina ya gari. Akaandika: miguu miwili.

Mjane alisoma, akamrudishia karatasi. "Mpangaji aliyepita naye hakuwa na gari. Kila siku yupo mlangoni, nipeleke huku, nipeleke kule. Sirudii."

"Niandikie kwenye mkataba kwamba gari lako silipandi. Nitatia sahihi."

"Maneno hayo hata yeye aliyasema. Kesho saa moja asubuhi anakuja mtu mwenye gari."

"Basi saa moja kasorobo nitakuwa hapa."

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Binti alimwomba akubali kupelekwa, akakataa. Kupelekwa siku ile kungekuwa ni kujishtaki mwenyewe. Alibadilisha basi mara mbili, akashuka pamoja na vibarua wenye makoti yenye vumbi jeupe, na saa moja kasorobo akagonga. Mjane alifungua akiwa na gauni la kulalia.

"Umekuja na nani?"

"Na watu arobaini. Wameingia kiwandani."

Mjane alimwangalia kuanzia mtandio hadi viatu. Kisha akasogea mlangoni ampishe. Yule mwenye gari alipofika, mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, na kile kifungu cha gari kilikuwemo.

Kukaa huko hakukuwa sukari tupu. Vumbi liliingia mpaka kwenye sindano, na honi ya zamu ilimshtua wiki tatu za mwanzo. Ila vibarua walianza kumletea makoti yaliyochanika, na cherehani ikarudia kazi yake.

Wakati wa baridi madereva wa mabasi waligoma siku tano. Siku ya tatu binti alipiga simu, sauti imejaa wasiwasi. "Mama, sasa si umekwama? Ngoja mkwe wako aje akuchukue."

Mama Pindo alikuwa ametoka dukani, kitunguu mkononi, sufuria jikoni. Alichungulia dirishani. Barabara ilikuwa tupu, na vibarua walikuwa wakipita kwa miguu, makundi makundi, wakipigana vikumbo kwa utani.

"Akija aje kula," akasema. "Mimi sichukuliki. Niko nyumbani kwangu."