Mabati ya Siku Moja

Sisi watu wa huku juu Chome tunaweza kulala njaa, lakini mgeni akute uwanja haujafagiliwa, hapana. Akitangazwa Jumatatu kwamba anakuja, kufikia Jumatano hata mbuzi wameogeshwa. Ugonjwa huu ndio uliotuponza.

Mwaka jana lilikuja tangazo la mradi wa kuzisaidia kaya maskini kukarabati nyumba. Kitongoji chetu kilipendekeza jina moja bila ubishi: Bibi Dorkas, mjane anayeishi peke yake. Paa lake lilikuwa na matundu kiasi kwamba masika yote alikuwa akihamisha kitanda, leo pembe hii, kesho pembe ile, na sasa pembe zilikuwa zimemwishia. Mradi ulisema utatuma ofisa kutoka Same aione nyumba kwa macho yake, kisha mabati yaletwe kabla ya mvua.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Loth, alisikia habari ya ofisa tu, jasho likamtoka.

"Mgeni apande milima yote hii aje aonyeshwe matundu?" alituuliza mkutanoni. "Apige picha, azipeleke huko! Si watauliza mwenyekiti yuko wapi?"

Bibi Dorkas alisimama. "Mwanangu Loth, kwani haji kuyaangalia hayo hayo matundu?"

"Bibi, hayo tuachie sisi viongozi."

Tukapigiwa mbiu ya msaragambo. Huku kwetu ikipigwa mbiu hiyo, kila nyumba inatoa mtu wa kufanya kazi ya wote, na asiyetokea anatozwa faini. Hakuna anayeuliza kama kazi yenyewe ina akili. Wanawake walikandika kuta upya kwa udongo mwekundu, vijana wakafagia njia mpaka mtoni, na Loth, kwa kiherehere chake, akaezua jiko lake jipya na kutoa mabati kumi na mawili yanayong'aa ili yaezekwe kwa bibi. Kwa siku moja tu. Mimi Eliezeri ndiye fundi wa kitongoji, na mimi ndiye niliyeyapigilia.

"Misumari igonge nusu," Loth aliniagiza kutoka chini ya ngazi. "Kesho jioni yanarudi kwangu."

Nikagonga nusu. Naona haya kusema hivyo, lakini niligonga.

Kesho yake ofisa akaja, kijana mpole aitwaye Mbaraka, gari kaliacha mbali kwa ubovu wa barabara, viatu vyote vumbi. Akamwamkia bibi shikamoo, akazunguka nyumba mara mbili. Akatazama kuta, akatazama paa, akatazama fomu yake.

"Bibi, mbona nyumba hii ni nzuri kuliko ninayopanga mimi Same?"

Bibi Dorkas alifungua mdomo. Loth akamuwahi.

"Sisi hapa, bwana ofisa, tunawatunza wazee wetu!"

Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi, na mimi nikiwemo.

Mbaraka akaandika kwamba bibi hastahili msaada. Fomu ilisema paa ni zima, lina mabati mapya kumi na mawili, mali ya mwenye nyumba. Loth akasaini kwa madaha, akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu.

"Mjukuu wangu," bibi alimwambia ofisa taratibu, "na mimi nipe nakala yangu."

Akapewa. Akaikunja, akaichomeka kwenye khanga.

Tukamsindikiza mgeni. Njia inapita uani kwa Loth, na pale tulimkuta mkewe, Rogathe, anasonga ugali kwenye jiko lisilo na paa, mwiko mkono mmoja, mwavuli wa jua mkono wa pili. Mbaraka akasimama.

"Mwenyekiti! Unawatunza wazee, kumbe mwenyewe unapikiwa juani?"

Loth alitazama jiko, akatazama mawingu. Nilisubiri aseme ukweli.

"Ndiyo hali halisi, bwana ofisa," alisema kwa sauti ya msibani.

Msaada akaandikiwa yeye.

Jioni ile ile alinipitia nyumbani, twende na ngazi. Tulimkuta Bibi Dorkas amekaa mlangoni, karatasi mapajani.

"Bibi, tumefuata mabati."

"Mabati gani?"

"Yangu!"

"Hebu nisomee hapa, mimi macho yangu hayaoni vizuri. Pameandikwa ni mali ya nani? Na muhuri huu uliogongwa mara mbili ni wa nani?"

"Hiyo ni karatasi tu, bibi!"

"Basi kesho nashuka nayo Same. Nikamweleze yule mjukuu wangu jiko lako liliezuliwa siku gani."

Loth aliinyakua ngazi, akaiegemeza ukutani. Kisha akanigeukia. "Eliezeri, panda!"

Nikapanda. Nilianzia upande wa kitanda cha bibi. Msumari wa kwanza nikaugonga mpaka kichwa chake kikalala kwenye bati. Nikaenda wa pili. Loth alikuwa akipiga kelele huko chini, ananiuliza kama nimekuwa kiziwi.

"Na ule wa pembeni, mwanangu," bibi aliniita. "Usiusahau."