Kipi Nibebe, Kipi Kibaki

Sylviane alikuwa amepatanisha watu kwa miaka kumi na mmoja bila kupewa hata kipande cha sabuni, na sasa mbele ya macho yake msichana wa miaka ishirini na sita alikuwa anasifiwa kwa kunyamaza.

Mwalimu Odongo ndiye aliyekuwa akisifu. Aliwauliza wanafunzi wake kumi na wawili kama wameona alivyofanya Amou: amemwacha mtu aseme hadi maneno yakamwishia, kisha akamwacha tena anyamaze, na ndipo lililokuwa chini likatoka lenyewe. Wanafunzi wakaitikia kwa vichwa. Feni ya ukumbi ule wa kukodi, pale Kanamkemer mjini Lodwar, ilikuwa inazungusha joto lile lile tangu asubuhi. Sylviane naye akaitikia kwa kichwa, huku roho inamuuma. Kunyamaza! Kama kazi ni kunyamaza, basi hata ukuta ungepewa cheti.

Kule Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi, hakuna aliyemhitaji Odongo wa kumfundisha nani ni Mama Sonia, kama Sylviane alivyoitwa huko. Wanawake wakikabana koo kwenye bomba la maji, aliitwa yeye. Alifika leso imekazwa kiunoni, sauti ikiwa imetangulia, akawakaripia wote wawili, akamlazimisha huyu abebe mtungi wa yule mpaka mlangoni kwake. Kabla ya jua kuzama walikuwa wanaazimana chumvi. Kwa hiyo shirika la Odongo lilipotangaza kwamba linafundisha wapatanishi wa kulipwa, na kwamba kutoka Kalobeyei atachukuliwa mmoja tu, akapewe meza Lodwar, mkataba na kadi yenye picha yake, mtaa mzima ulisema nafasi hiyo ina mwenyewe. Sylviane alikwisha kuchagua hata kitenge cha kupigia picha.

Halafu akaja huyu Amou, mwembamba, mrefu, mzaliwa wa Sudan Kusini, aliyekuwa akimsaidia shangazi yake kuuza chai hapo hapo Kalobeyei. Alikiongea Kiswahili kana kwamba kila neno linamtoka mfukoni. Hakuna aliyekumbuka kama amewahi kusuluhisha hata ugomvi wa kuku.

Wivu ukamshika Sylviane vibaya, na tusimfichie. Alihesabu mara ngapi Odongo alitaja jina la yule binti kabla ya chai na mara ngapi baada ya chai. Alichukia jinsi alivyochonga penseli, na jinsi alivyokunja kibali chake cha kusafiria mara mbili sawasawa. Alimwita "mwanangu" kwa sauti ya sukari, akampisha kiti karibu na dirisha, na moyoni alimwombea malaria. Si ile ya kuua, hapana, yeye ni mtu wa kanisa. Ile ya wiki mbili tu, mpaka mtihani upite.

Kanuni aliyoishikilia Odongo kuliko zote ilikuwa ya kikao cha faragha. Unakaa na kila upande peke yake, unasikiliza, na kabla ya kuinuka unauliza: nikitoka hapa, kipi nibebe, kipi kibaki? Unachoruhusiwa kubeba unakipeleka upande wa pili. Kinachobaki kimekufa, hata mpatanishi mwenzako hakijui, na shauri likiisha karatasi yake inachomwa. Sylviane aliandika kanuni hiyo kwa hati nzuri, lakini hakuiamini. Kwake yeye siri ya mtu ndiyo iliyokuwa dawa. Ukiitoa hadharani mtu anaona haya, akiona haya analainika, akilainika mambo yamekwisha na kila mtu anakwenda kupika.

Mtihani ulikuwa shauri la kweli. Sylviane na Amou walirudishwa Kalobeyei wakalipatanishe pamoja, Odongo akitazama. Mukendi, Mkongo mwoka mikate na shemasi wa kanisa, alikuwa hasemezani na Akai, Mturkana wa upande wa wenyeji aliyekuwa akimletea kuni za tanuri. Mbuzi jike wa Akai alikuwa ameingia stoo ya Mukendi, akala beseni zima la unga wa mkate uliokwisha kutiwa hamira. Unga ukaumukia tumboni, na mbuzi akafa amevimba mlangoni pa stoo. Mukendi alishikilia kwamba mbuzi alivunja mlango kama mwizi. Akai alishikilia kwamba mbuzi havunji mlango wa bati wenye komeo. Tangu hapo hakuna kuni, na bila kuni hakuna mkate, na watoto wa mtaa walikwenda shule na uji mtupu.

Asubuhi waligawana. Sylviane akakaa na Akai, Amou akaingia na Mukendi kwenye chumba cha tanuri. Akai alizungumza vizuri, lakini hakusema jipya. Alikuwa akimkamulia mjukuu wake maziwa ya mbuzi yule, akaeleza, na kilichomuuma zaidi ya mbuzi ni kuitwa mfuga wezi na mtu ambaye yeye Akai amempelekea kuni miaka mitatu. Sylviane alipomaliza alikaa nje akingoja, na akangoja saa nzima. Amou alipotoka, uso wake haukuonyesha lolote. Odongo akamuuliza amebeba nini.

"Kwa sasa sina kitu ya kubeba, Mwalimu," akasema Amou. "Huyu baba anataka muda."

Odongo akatikisa kichwa kwa ile furaha yake. Hakuna aliyewahi kumtikisia Sylviane kichwa namna ile. Aliiona meza ya Lodwar inaondoka, na kadi, na picha, na kitenge kikiwa kimekunjwa sandukuni bila kazi.

Wakati wa chakula Odongo alikwenda kupiga simu mahali penye mtandao, na Amou akaenda kumsaidia Akai kufunga mzigo wa kuni. Mfuko wa kitambaa wa Amou ulibaki kwenye benchi. Sylviane alitazama kushoto, akatazama kulia, akamwambia Mungu kwamba anatafuta penseli tu.

Daftari lilikuwa na mistari michache. Mlango haukuvunjwa. Alikunywa pombe ya busaa, akalala, akaacha mlango wazi. Ni shemasi, mke wake hajui, anaogopa kanisa. Kibaki. Neno hilo lilipigiwa mstari mara mbili. Chini yake palikuwa na maneno mengine: anataka kumwambia Akai mwenyewe kwa mdomo wake, apewe mpaka kesho.

Sylviane akalirudisha daftari mfukoni. Aibu hakuiona. Kesho! Wakingoja kesho, Mukendi atatubu mwenyewe, Akai atalia, na sifa zote atabeba yule asiyefungua mdomo.

Alasiri walikaa wote chini ya kivuli cha mabati. Clotilde, mke wa Mukendi, alisimama mlangoni mikono ikiwa na unga. Odongo akafungua kikao, na kabla Amou hajavuta pumzi Sylviane alikwisha kusimama, leso kiunoni.

"Baba Mukendi," akasema kwa upole, "tusichoshane. Mlango ulikuwa wazi. Ulilala. Na mtu anayelala mchana na kuacha stoo wazi, wote tunajua kilichomlaza si uchovu."

Akai ndiye aliyeelewa kwanza, akacheka mpaka akajishika mbavu. Waliokuwa wamekaa karibu nao wakacheka. Clotilde hakucheka. Alijifuta mikono polepole kwenye nguo yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mukendi alikubali kulipa mbuzi wawili bila kubishana. Shauri lililokataa mwezi mzima lilikuwa limekwisha kwa dakika kumi, na Sylviane akaketi, jasho tamu likimtiririka mgongoni.

Kisha Mukendi akainua kichwa. Hakumtazama Sylviane. Alimtazama Amou.

"Ile neno niliambiaka mutu moya tu," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Odongo akamgeukia Amou, akamuuliza kama amemwambia mwenzake yaliyosemwa faraghani. Lilikuwa swali jepesi, la ndiyo au hapana, na mtu yeyote mwenye akili angesema hapana na kuapa juu yake. Amou akasema, "Mwalimu, mambo ya ile chumba mimi siwezi kusema. Yaliyosemwa, yasiyosemwa, siwezi." Odongo akamuuliza mara ya pili, akajibu vile vile. Odongo akamuuliza Sylviane alijuaje. Sylviane akasema yeye ni mama wa mtaa, na harufu ya busaa haimpiti jirani.

Basi ikawa hivyo. Amou aliandikiwa kwamba hawezi kukabidhiwa siri, akarudi kwenye chai ya shangazi yake. Sylviane akapiga picha na kitenge.

Kadi ilikuwa nzuri, jina lake lote limeandikwa bila kosa. Meza ilikuwa na droo mbili. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa anaitoa kadi ile hata dukani anaponunua sukari. Lakini kwenye vikao vyake vya faragha kulikuwa na kitu kilichomkera. Watu waliingia, wakautazama mlango, wakamweleza mambo ambayo hata wapita njia waliyajua, kisha wakaaga. Waliotoka Kalobeyei hawakuja kabisa.

Habari alizipata Jumamosi moja aliporudi nyumbani. Mukendi aliuacha ushemasi na kuhamishia tanuri lake Kakuma, na mtaa ulibaki bila mkate. Amou sasa alikuwa na benchi la pili pembeni ya jiko la chai, na watu walikaa pale kungoja zamu yao. Walikuja Wakongo, walikuja Warundi, na Akai mwenyewe alitembea kutoka upande wa wenyeji kumpelekea ugomvi wa wakwe zake. Sylviane alimuuliza Clotilde, ambaye bado hajahama, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, wanamwendea kwa nini mtu aliyefukuzwa. Clotilde alimtazama vizuri kabla ya kujibu. Akasema kwamba yule binti aliulizwa mbele ya watu wote, mara mbili, na hakufungua mdomo hata kujiokoa mwenyewe. Kwa hiyo aliyesema, hakuwa yeye. Clotilde hakuuliza alikuwa nani.

Wivu uliokuwa umelala ukaamka na njaa. Alikuwa na meza, alikuwa na kadi, na bado alimwonea kijicho muuza chai mwenye mabenchi mawili.

Nyumbani nako hakukuwa sawa. Jean-Luc, mume wake, alichoka kuwa baba na mama wa Sonia siku tano kwa wiki, na Sylviane hakutaka kusikia habari ya kuiacha Lodwar. Waligombana Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne Jean-Luc akasema kwamba maneno haya yanataka mtu wa katikati, naye amekwisha kumchagua. Sylviane alijua jina kabla halijatajwa. Angekataa vipi, yeye ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wasikatae?

Amou aliwakaribisha kwa heshima, akamwomba Baba Sonia angoje kwenye benchi la nje, akamketisha Sylviane ndani ya kibanda karibu na jiko. Birika lilikuwa linachemka. Akafungua daftari lile lile, akanyamaza.

Sylviane alikuwa ameandaa mengi ya kusema juu ya Jean-Luc. Alisema mawili matatu, yakamwishia. Yule binti hakuuliza kitu. Alingoja tu, na ule ukimya uliokuwa ukimchefua kule Kanamkemer ukamzunguka pande zote mpaka akasikia sauti yake mwenyewe.

"Siku ya mbuzi," akasema. "Nilifungua mfuko wako."

Penseli ya Amou iliandika mstari mmoja. "Najua, Mama Sonia. Daftari mimi naweka kichwa chini. Nilikuta kichwa juu."

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Nikisema umesoma, si nimesema ile neno imeandikwa?"

Nje Jean-Luc alikohoa. Sylviane aliitazama mikono yake, halafu kamba ya kadi iliyokuwa imechomoza kwenye mkoba. Amou akauliza, kama anavyomuuliza kila mtu anayekaa pale, kwa sauti isiyo na haraka:

"Nikitoka hapa, kipi nibebe, kipi kibaki?"

Lilikuwa swali jepesi. Neno moja tu, beba, na jina la binti huyu lingesafishwa Lodwar kabla ya Jumatatu. Sylviane alilifikia neno hilo, akaligusa kwa ulimi. Kisha akaiona meza, na droo mbili, na nani angekaa hapo.

"Kibaki," akasema.

Amou akauliza kama shauri hilo la mbuzi limekwisha. Sylviane akasema limekwisha. Amou akachana ule ukurasa, akaukunja mara mbili sawasawa, akausukuma chini ya birika, nao ukashika moto. Sylviane alimchunguza uso wote akitafuta hata chembe ya dharau, apate kumchukia vizuri, na hakuiona. Hajawahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea yule binti wakati ule.

Amou akajipangusa majivu vidoleni, akatoka kumwita Baba Sonia.