Mwali Mmoja Chini ya Taya

Jepleting aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili akadanganya.

"Kuna dawa unatumia? Krimu ya kung'arisha ngozi?" Shital, mtaalamu wa mashine ya mwanga wa kufuta madoa katika kliniki ya ngozi mjini Nakuru, alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu.

"Hapana."

Angesema nini, na mama yake ameketi pale kando ya kitanda? Mama huyo alishawahi kuitupa chooni krimu ya dada yake Jepleting. Chunusi zilimwandama Jepleting tangu shule, zikamjaza madoa mashavuni. Huko Karagita, alikopanga chumba ili awe karibu na shamba la maua analofanyia kazi, jirani yake Akoth humchanganyia krimu kwenye kikopo kisicho na jina. Hata jana alijipaka.

Shital alimvisha miwani mizito, ulimwengu ukawa giza. Mashine ikaanza kuvuma.

"Nitajaribu padogo kwanza, chini ya taya. Ikiuma sana, uniambie."

Mwanga ukalipuka. Akahisi kama amedondokewa na mafuta ya moto.

"Hiyo ni kawaida?" mama aliuliza.

"Huchapa kidogo, mama, kama mpira wa nywele. Jepleting, unasikiaje?"

"Niko sawa."

Lakini moto haukupoa. Ulizidi kuzama ndani ya nyama, na jasho likamtoka kifuani. Aliuwaza uso wake mzima ukiwa hivyo: mashavu, paji, pua. Akataka kusema, akamkumbuka mama pale kando.

"Basi nijaribu moja shavuni," alisema Shital. Ubaridi wa jeli ukamgusa, kisha kichwa cha mashine kikatua juu yake.

"Ngoja!" Jepleting aliupiga mkono ule, akaing'oa miwani. "Napaka krimu! Kila siku! Mwaka mzima!"

Shital alizima mashine na kumtazama chini ya taya. Rangi ikamtoka usoni. Akakimbilia maji baridi na vitambaa, akamwita daktari. Ngozi ilikuwa imevimba lengelenge la ukubwa wa harage.

"Huwa nauliza kwa sababu krimu hizo hufanya ngozi iungue kwa mwanga," Shital alisema. "Ningekuchoma uso wote."

Daktari alimkataza Jepleting krimu ile, na mwanga wowote mpaka ngozi ipone, kisha akaondoka. Mama akamsogelea binti yake.

"Uliniogopa mimi kuliko moto?"

"Ndio, mama."

Mama aligeukia dirisha, akajifuta macho kwa kiganja.

Siku ya nne lengelenge lilipasuka, likaacha alama nyeusi kuliko madoa yote aliyokuwa nayo. Jepleting alimwonyesha Akoth, akamsimulia yote. Akoth alicheka, akasema mashine za mjini ni za kuwaharibu watu. Kisha taratibu akainua mkono, akaligusa shavu lake mwenyewe, lile jeupe kwa krimu ileile, lililoanza kuwasha wiki iliyopita, na kicheko kikamkauka.