Wiki Moja Kabla ya Nusu Fainali

Kahindi alikuwa fundi cherehani wa Marereni, na pia kocha wa timu ya vijana wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Shida yake ilikuwa moja, nayo haikuwa na dawa. Kila mwaka vijana wake waliongoza kundi, wakavushwa moja kwa moja hadi nusu fainali, wakakaa wiki nzima bila mechi huku wenzao wakipigania robo fainali. Kisha walifungwa. Mwaka jana aliwakimbiza wiki hiyo alfajiri na jioni, wakaingia uwanjani wamechoka hoi, wakala mabao matatu.

Safari hii Mama Gladys, mwenyekiti wa timu, hakumung'unya maneno. "Tukikosa fainali tena, Kahindi, timu nampa mtu mwingine."

Miaka tisa ya kuifundisha timu hiyo. Aliipenda kuliko cherehani yake, na hata mkewe alikwisha kulikubali hilo. Kwa hiyo Jumapili akawakusanya vijana, akatangaza kwa furaha kama anayegawa sadaka, "Wiki hii sitaki kumwona mtu uwanjani. Mazoezi hakuna. Laleni, mle vizuri."

"Sawa, kocha," wakaitikia, kwa upole uliompendeza.

Jumatatu aliamini amefanya la maana. Jumanne kinyozi akamwambia kwamba miguu ikikaa bure husahau mpira. Jumatano muuza viazi akaapa kwamba pumziko ni nusu ya ushindi, na Kahindi akashukuru, ingawa mtu huyo hakuwahi kupiga mpira maishani mwake. Alhamisi alishona suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Hakujua tena alilokuwa akiliamini.

Ijumaa jioni alipita karibu na chumvini akipeleka sare za shule. Kufika hapo, akawaona wachezaji wake, karibu wote, makarai ya chumvi kichwani. Aliyetangulia alikuwa Fondo, nahodha.

"Nyinyi si nimewaambia mlale?"

"Shikamoo, kocha. Tuko kazini. Kesho tutakuwa sawa."

Kahindi akashika njia na sare zake. Hasira zilimjaa, aliwaona watu wa tamaa, wanaochukua kazi ya ziada mara tu wakipewa nafasi. Halafu, mbele kidogo, akajikuta anafarijika: angalau miguu haikukaa bure. Alifika nyumbani hajui alaumu au ashukuru.

Jumamosi, huko Malindi, vijana walianza vizuri mno, wakafunga bao mapema. Kipindi cha pili misuli ikaanza kuwakaza, mmoja baada ya mwingine, na wapinzani wakasawazisha. Wakaenda kwenye penalti. Fondo akapaisha ya mwisho, wakatolewa. Mama Gladys alimpa Kahindi mkono, akamshukuru kwa miaka yote ile, na Kahindi akaelewa kwamba yamekwisha.

Alimkuta Fondo amekaa chini, anavua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kwa maji ya chumvi. Kahindi akakaa kando yake, hasira zote zimemtoka.

"Hebu niambie ukweli. Ni kupumzika kulikotuponza, au ni kutopumzika?"

Fondo akaweka kiatu chini. "Usinikasirikie, kocha. Siku za mazoezi msimamizi wa shamba hutuachilia saa kumi. Wiki hii hapakuwa na mazoezi, tukabaki kule hadi magharibi kila siku. Sisi mazoezi ndiyo mapumziko yetu."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Kahindi akainamisha kichwa. Mbona mwaka jana walifanya mazoezi, na walifungwa vilevile? Labda mazoezi ya jioni tu yangetosha, bila yale ya alfajiri. Labda hata hivyo wangefungwa. Akamgeukia Fondo amwambie kwamba mwaka ujao watajaribu hivyo, kisha akakumbuka kwamba mwaka ujao haukuwa wake.